Mteja wa Saa Nne

Agneta Nekesa, Mama Carol kwa waliomzoea, alikuwa amepika Changamwe miaka kumi na minne kabla hajaandika chochote kirefu kuliko orodha ya vitu vya sokoni. Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya steji ya Magongo, meza tano na mabenchi yake, na ubao wa chaki mlangoni wa kutangaza vyakula vya siku. Waliokula kwake walikuwa makuli wa bandarini, madereva wa malori, na watu wa viwandani wanaotoka zamu na njaa isiyotaka maneno mengi. Alisaidiana na Kanze, mama wa Kigiriama kutoka Jomvu Kuu, mwenye mkono mzuri wa chapati na ulimi usiomung'unya maneno.

Kisha ikafunguliwa hoteli nyingine ng'ambo ya barabara, yenye vigae sakafuni na feni darini, na mabenchi ya Agneta yakaanza kubaki wazi hata saa saba mchana. Mwaka huo huo kanisa lao likaleta mafunzo ya wafanyabiashara wadogo. Mwalimu alikuwa binti mchangamfu anayeitwa Lavender. Aliwafundisha kina mama kufungua ukurasa wa Fesibuku, kupiga picha kwenye mwanga wa mlangoni, kumjibu kila anayewaandikia. Lakini jambo moja alilirudia mpaka Agneta akalishika kama amri.

"Kila siku, mama. Usiruke hata siku moja. Na usituwekee sufuria peke yake. Sufuria kila mtu anazo. Tuonyeshe watu wako."

Wiki ya kwanza Agneta aliweka picha za pilau na matumbo, na waliozipenda walikuwa watatu, mmoja wao kaka yake aliyeko Busia. Wiki ya pili akaandika juu ya dereva mmoja wa lori aliyekuwa akivua kofia na kuisalimia sahani kabla hajala. Maneno manane au tisa tu. Jioni yake watu mia mbili walikuwa wameyasoma, na kesho yake wakaja vijana wawili wa ofisini wakimtafuta huyo dereva kwa macho, wakala, wakarudi tena.

Ndipo Agneta alipogundua kitu ambacho hakukijua. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kipaji cha chochote ila ugali. Sasa sentensi zilimjia akikoroga mchuzi. Aliufuta mkono kwenye aproni, akachukua simu, akaandika, akafuta, akaandika tena mpaka neno likae mahali pake. Watu wakamwambia anawaliza, anawachekesha. Kufikia Mei alikuwa na wafuasi elfu tano, na mabenchi yalikuwa yamejaa tena.

Lakini kuna kilichobadilika. Zamani mtu alipoingia, Agneta alimtazama aone kama ana njaa sana au kidogo. Siku hizi alimtazama aone kama ana kitu. Mtu akicheka vizuri, akilia, akimkumbatia mwenzake, mkono wa Agneta uliitafuta simu wenyewe. Mchuzi uliungua mara mbili katika wiki moja, na Kanze akasonya.

"Mama Carol, hao walioko simuni hawali. Wanaokula ni hawa."

Agneta akacheka. Alikuwa amefika siku ya sabini na mbili bila kuruka.

Kulikuwa na mteja mmoja aliyekuja kila siku ya kazi saa nne ya asubuhi, wakati watu wa chai wameshaondoka na wa chakula cha mchana hawajafika. Jina lake Erastus, mtu wa Mikindani, mpole, mwenye mvi za mapema. Mkono wake wa kulia ulikosa nusu ya kidole cha shahada, kilichokatwa na mashine zamani. Alivaa ovaroli ya buluu ya kiwanda kimoja cha hapo hapo Changamwe. Aliagiza chai ya rangi, akaketi meza ya ukutani mpaka saa tisa. Mwanzoni alisema anasubiri zamu ya mchana. Zamu hiyo haikufika kamwe, naye Agneta hakuuliza. Siku moja Erastus aliuvuta ungo wa maharagwe uliokuwa mezani akaanza kuchambua, na tangu hapo ikawa kazi yake.

Ijumaa ile ya siku ya sabini na tatu, Agneta hakuwa na cha kuandika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote, wateja walikuwa wachache na wote walikula wameinamisha vichwa. Akamtazama Erastus. Akasogea na simu kama anayepanga vikombe, akapiga picha ya mikono yake juu ya ungo, mikono tu na kipande cha ovaroli. Akaketi nyuma ya jiko akaandika:

"Kila siku saa nne huja mteja mmoja. Huagiza chai kikombe kimoja, hukaa mpaka saa tisa. Ovaroli yake imepigwa pasi mpaka mikononi, na tangu Januari sijaiona na doa. Sijamuuliza kitu. Huvuta ungo wangu wa maharagwe akanichambulia punje moja moja, kama mtu aliyekabidhiwa kazi anayeogopa kuikosea. Saa tisa ikifika husimama, hupitisha viatu vyake kwenye vumbi la mlangoni mpaka vichafuke, kisha huenda nyumbani kama wanaume wengine. Mnaposifu maharagwe yangu, mjue anayesifiwa ni yeye."

Alimsomea Kanze. Kanze akageuza chapati.

"Umemwomba ruhusa?"

"Sijaandika jina. Wala uso hauonekani."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza kama umemwomba."

Agneta alimwangalia Erastus pale ukutani, ameinama juu ya ungo, kisha akaangalia maneno yake simuni. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na alilijua hilo. Akabonyeza.

Kufikia Jumamosi mchana yalikuwa yametumwa tena mara elfu nne. Watu wa Nairobi, watu wa Dubai, watu ambao hajawahi kuwasikia, wote walikuwa wanalia. Mmoja alisema huyo ni baba yake, maana baba yake naye alifanya hivyo hivyo mwaka fulani. Mwingine akaandika, "Hana kazi huyo, na mkewe hajui." Mwingine akaikuza picha, akasoma nembo mkononi mwa ovaroli, akaeleza kwamba kiwanda hicho kilipunguza watu mwezi wa kwanza. Agneta aliyasoma yote ameketi kwenye gunia la mchele, moyo unamdunda kwa furaha, na ni katikati ya furaha hiyo alipohisi baridi. Lakini hakuyaondoa. Alijiambia atayaondoa Jumatatu.

Jumatatu Erastus hakuja. Jumanne saa nne mlango ulipotiwa kivuli Agneta alinyanyuka haraka, akakuta ni mwanamke, kitambaa kichwani, pochi ameikumbatia kifuani.

"Hodi."

"Karibu, dada. Chai?"

Mwanamke hakuketi. Alitoa simu, akaikuza ile picha mpaka kile kidole kilichokatika kikajaa kiooni.

"Naitwa Josephine. Mimi ndiye mke wa mkono huu."

Agneta akashika ukingo wa meza. Kanze akapunguza moto.

"Nimeipiga pasi hiyo ovaroli miezi mitano," Josephine alisema. Hakupaza sauti. "Nilipoona haichafuki tena nikadhani wamempandisha cheo, yuko ofisini sasa. Naye hakunikatalia. Nikajigamba kwa kina mama wa kanisa letu. Na ni kina mama hao hao walionitumia hii kwenye kikundi chetu cha Watsapu. Mmoja baada ya mwingine, na vile vikatuni vya machozi."

"Dada, sikujua kama..."

"Jumapili tulikaa benchi letu. Watu hawakumwangalia uso, walimwangalia mkono. Akauficha mfukoni. Ilipofika sadaka akaniambia anatoka nje kidogo apate hewa." Akaikaza pochi kifuani. "Hajarudi."

Nje lori lilipita, vikombe vikatetemeka rafuni.

"Wewe ulimwona kwamba hana kazi?" Josephine akauliza.

"Nilimwona."

"Basi ungeniambia mimi. Au ungemwambia yeye mwenyewe. Kwa nini uliwaambia wao?"

Agneta alitafuta jibu. Yeye ambaye siku hizi hakukosa maneno, alichokipata kilikuwa ukweli mtupu, na ulimtoka kabla hajauzuia.

"Sikuwa na kitu kingine cha kuandika siku hiyo."

Josephine alimtazama kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa. Kisha akaifunga simu ndani ya pochi akatoka.

Agneta aliyafuta maneno yake dakika hiyo hiyo. Haikusaidia. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshayachukua, zimeyatia muziki wa huzuni, zimeyasoma kwa sauti nzito ya mwanamume. Lavender alimpigia simu akishangilia: "Mama, wewe sasa ndiye mfano wangu! Nimekuonyesha kwa darasa la Likoni na la Kisauni!" Agneta alimweleza kilichotokea. Lavender akasema pole sana, kisha akashauri kwamba pengine aandike kumwomba msamaha, watu wangeguswa. Agneta akakata simu.

Wateja wakaanza kupungua, na safari hii haikuwa kwa sababu ya vigae vya ng'ambo. Makuli walipita mlangoni wakamsalimia bila kuingia. Dancun, fundi wa magari ambaye alikuwa mcheshi wa hoteli nzima, sasa alibeba chakula chake kwenye mfuko. Siku moja Agneta alimuuliza mbona haketi.

"Mama, usinielewe vibaya. Chakula chako hakina kasoro. Lakini mtu akija kula anataka kula tu. Nikikosana na bibi, nikija hapa nimekunja uso, si nitajikuta Dubai?"

Alitaka iwe mzaha. Hakuna aliyecheka.

Ni Dancun huyo huyo aliyeleta habari mwezi uliofuata. Alikuwa ameenda soko la Kongowea kununua vitunguu akamwona Erastus akisukuma mkokoteni. Agneta alimwachia Kanze jiko, akaiacha simu kwenye droo, akaenda.

Alimpata karibu na malori ya kabichi, amevaa fulana iliyochanika begani, amekonda, amechafuka kweli kweli. Erastus alimwona akija. Hakukimbia, aliweka tu mikono ya mkokoteni chini.

"Mama Carol. Umekuja na simu?"

"Nimeiacha."

"Vizuri."

"Erastus, nimekukosea. Sijui niseme nini. Josephine anakutafuta, watoto wanakutafuta. Hakuna anayekulaumu nyumbani."

"Najua hawanilaumu. Wananihurumia. Hata watoto watanihurumia." Alijifuta jasho kwa mkono wa kushoto. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuja kwako? Hoteli ziko nyingi. Nilikuja kwako kwa sababu hukuniuliza. Ile miezi mitano nilikuwa nikitoka pale nimekuwa mtu. Nilisema, yuko mmoja anayeniona niko sawa."

"Nilikuona uko sawa."

"Hapana, mama. Ulikuwa unanisoma."

Wasichana wawili waliokuwa wakichagua nyanya pembeni walikuwa wamesimama, mmoja akimgusa mwenzake kiwiko, akionyesha kwa kidevu ule mkono wa kulia uliokuwa juu ya kabichi.

"Ni yeye. Yule wa saa nne," mmoja akanong'ona, kisha akasogea na tabasamu la upendo wote wa dunia. "Mzee, samahani. Tulilia sana ile stori yako. Tunaweza kupiga picha na wewe? Moja tu."

Erastus alimtazama msichana, akamtazama Agneta. Usoni mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo Agneta alilolilalia na kuliamkia baadaye. Akauficha mkono chini ya fulana, akauacha mkokoteni wake na kabichi za watu juu yake, akaenda katikati ya malori. Agneta alimfuata akimwita mpaka sauti ikamkauka. Hamali mmoja akamfokea apishe njia.

Jioni ile alienda Mikindani kumwambia Josephine mahali alipomwona. Alfajiri Josephine akaenda Kongowea na kaka yake. Waliambiwa Erastus alipanda lori lililokuwa likirudi bara, lakini waliosema hivyo hawakukubaliana lilikuwa la Taveta au la Nyandarua. Wakaulizia huku na huku. Mpaka leo hakuna simu, hakuna salamu.

Hoteli ya Magongo haikuumaliza mwaka. Kanze alirudi Jomvu Kuu kukaangia watu maandazi barazani kwake. Agneta alipata kazi katika jiko la hoteli moja ya Shelly Beach, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mahali ambapo chakula hupitishwa dirishani na mpishi hamwoni anayekula. Ukurasa ameufunga. Maneno yake bado yanazunguka, bila jina lake, na kila baada ya miezi michache mtu fulani huyatuma tena akiuliza yule baba alifikia wapi.

Josephine alimfuata huko mara moja. Walikaa nje kwenye ukuta wa jikoni, Josephine akauliza alichokuja kuuliza.

"Pale kwako, miezi yote ile, alikuwa akizungumza nini? Lazima alikuwa anasema kitu. Alitutaja?"

Agneta alifumba macho akumbuke. Alitaka kumpa hata neno moja, hata kikohozi chake. Lakini kila alipomtafuta Erastus alikuta yale aliyoyaandika, neno kwa neno, na nyuma yake hakuna mtu.

"Sikumbuki," akasema.

Josephine akaitikia kwa kichwa, akakung'uta gauni lake, akaenda kupanda feri.