Mhojiwa Namba Saba

Honorata alimshika mumewe begani na kiunoni, akavuta pumzi, akamgeuza. Aminieli alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu kiharusi kimwangushe katikati ya mistari ya mkonge, panga likiwa mkononi. Na asipogeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ya mgongo ilichubuka ikatoa maji. King'ora cha kiwanda kikalia. Honorata akaweka kikombe cha uji pale ambapo mkono mzima ungefika, akatoka mbio.

Kazi yake ilikuwa kuanika singa za mkonge. Nyuzi zilitoka kwenye korona, mashine ya kuparua majani, zikiwa mbichi, zinanuka, zinawasha, na wanawake wakazitandaza kwenye waya juani mpaka saa tisa. Miaka ishirini na mitatu aliifanya kazi hiyo. Serikali ilipouza shamba, tajiri mpya alibandika tangazo: mwenye umri wa miaka hamsini na mitano na kuendelea, kazi basi. Kadi ya Honorata ilisema ana hamsini na mmoja. Karani aliyeiandika enzi hizo hakumwuliza kitu. Alimtazama usoni, akakadiria.

Mtafiti alikuja mwezi wa saba. Aliitwa Evaline, binti wa Usangi aliyesomea Dar es Salaam, na alikuwa akichunguza jinsi wafanyakazi waliokula chumvi wanavyobeba ajira na familia kwa pamoja. Walikaa kwenye benchi nje ya zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jina langu utaliandika?"

"Hapana. Wewe ni namba saba tu. Ni siri."

Hakuna aliyewahi kumwuliza Honorata habari za nyumbani kwake. Maneno yakamtoka kama maji ya bwawa la ndiva lango linapofunguliwa. Akasema alizaliwa Vudee mwaka ambao Wazungu walianza vita vyao vya pili. Evaline akapiga hesabu: hamsini na tisa. Honorata akasema kila siku saa nne asubuhi anatoroka kwenda kumgeuza mume, na jirani yake Lukia humwanikia fungu lake mpaka arudi.

"Dakika ngapi, mama?"

"Nikikimbia, ishirini."

"Na ukiumwa wewe, nani anamgeuza baba?"

Honorata akacheka. "Mwanangu, mimi siumwi."

Evaline akafuta macho, akaendelea kuandika.

Baada ya miezi miwili Honorata akaitwa ofisini. Meneja, Bwana Humphrey, hakumwambia akae. Alikuwa na kijitabu chenye jalada la bluu, akakisoma kwa sauti, polepole.

"'Mhojiwa namba saba. Mwanamke, miaka hamsini na tisa, kitengo cha kuanika. Mume ana kiharusi.' Shamba zima hili, mama, wanawake wangapi wana mume wa kiharusi?"

Honorata akasema, "Yule binti alisema ni siri."

"Na ni siri. Jina lako liko wapi hapa? Nionyeshe." Akamgeuzia kijitabu. Honorata akatazama mistari asiyoweza kuisoma.

"Umri ule aliuandika karani, bwana meneja. Mimi sikusema."

"Karani amekufa. Kadi ni yako. Umeidanganya kampuni, na kila siku umetuibia dakika ishirini. Mdanganyifu hana kiinua mgongo. Nyumba ya kampuni tunaihitaji Jumatatu."

"Nitampeleka wapi mgonjwa?"

"Hilo ni la familia." Akafungua ukurasa wa mwisho. "Mtafiti wako anapendekeza wenye wagonjwa wapewe saa nzima ya kwenda nyumbani. Saa nzima! Kumbe tatizo la uzalishaji lilikuwa huku."

Mwalimu wa shule ya kambini alimsaidia kupiga simu kutoka posta ya Same. Sauti ya Evaline ilikuja kwa mbali. Alisema majina yote aliyaondoa. Alisema kumpa meneja nakala ya ripoti kulikuwa sharti la kibali cha kuingia shambani, angefanyaje? Alisema atamwandikia mkuu wa idara. Akalia. Honorata alijikuta akimbembeleza, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza," mpaka muda ukaisha na laini ikakatika.

Jumatatu asubuhi walikuwa nje ya geti, wakisubiri lori la kuwapeleka Same. Aminieli alilazwa kwenye mkeka juu ya vumbi, Honorata amemkinga jua kwa khanga aliyoishika kwa mikono miwili. Getini nyapara Nassoro aliweka meza. Kila mwanamke alisimama mbele yake, akaulizwa swali jipya kabla ya kuruhusiwa kuingia.

"Una mgonjwa nyumbani?"

"Sina."

"Una mzee unayemtunza?"

"Sina."

Wakapita mmoja mmoja, macho chini. Zamu ya Lukia ikafika. Alfajiri ile, kama kila alfajiri, alikuwa amemwacha mama mkwe wake, kipofu, amefungwa kamba mguuni asije akatangatanga hadi kwenye mtaro wa korona. Alisimama wima, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Una mtu nyumbani?" akauliza Nassoro.

"Sina mtu," Lukia akajibu kwa sauti kubwa, hata wenzake wa mwisho wa foleni wakasikia, na Nassoro akamwekea alama ya vema.