Senta wa Glasgow

Kwa misimu kumi na tisa Orrin Halvorsen alikuwa kocha wa Chuo cha Milk River, Montana kaskazini, ingawa chuo chenyewe kilikuwa ndani ya kompyuta tu. Ulikuwa mchezo wa mpira wa kikapu wa vyuo, na kila timu ilikuwa na mwenyewe, mtu wa kweli, mahali fulani Marekani. Orrin, mstaafu wa reli na mjane, aliishikilia timu yake kama mtu anavyoshikilia shamba la babu yake. Sasa bodi ya mchezo ilikuwa imemwonya: asiposhinda nusu ya mechi za msimu ujao, kiti kitapewa mwingine.

Tatizo lilikuwa ardhi. Mchezo uligawa wachezaji wake wa kubuni kwa kufuata watu wa kweli walipo. Karibu na Houston vijana wazuri walijaa kama siafu. Montana alipatikana mmoja kwa miaka mitatu. Na ziara ya kumshawishi kijana wa mbali ilikula fungu kubwa la fedha za timu kuliko ya jirani.

Mwaka huo akatokea Tate Bjornstad, senta, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, jitu la futi saba, kutoka Glasgow ya humo humo Montana, mwendo wa saa moja tu.

Lamar Thibodeaux, kocha wa timu ya Houston, akapiga simu.

"Kocha wa barafu! Nasikia mbingu zimekudondoshea twiga."

"Mwondolee macho, Lamar. Huyo ni wa nyumbani."

"Umempeleleza?"

"Nimpeleleze wa nini? Jirani hapelelezwi. Fungu lililobaki nimelipeleka kwa kijana mmoja wa Atlanta, anacheza mlinzi."

"Haya bwana, mwenye mji ni wewe." Lamar akacheka.

Kumpeleleza mchezaji ndiko kulikofungua kadi yake na kuonyesha anachokitaka. Lakini makocha wa nyanda zile za kaskazini hawakupeleleza vijana wa karibu. Ukiwa na fungu dogo, hulitumii kwa mtu ambaye tayari ni wako.

Siku ya vijana kutia saini na vyuo, jina la Tate lilikuwa kwenye orodha ya Houston. Orrin alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kadi ya kijana sasa ilikuwa wazi kwa wote: "Anapendelea kucheza mbali na nyumbani." Ukaribu ambao Orrin aliuhesabu kuwa baraka, kijana aliuhesabu kuwa kamba mguuni.

"Ulijua," Orrin alimwambia Lamar.

"Nilimpeleleza, kocha. Nawe nilikuuliza."

"Ulicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Ulitaka nilie?"

Mlinzi wa Atlanta naye alikwenda Florida. Milk River ilishinda mechi nne. Bodi ilimfuta Orrin kazi kwa ujumbe wa mistari miwili, na kesho yake timu ilikuwa na kocha mpya kutoka Ohio, aliyebadilisha hata rangi ya jezi.

Lamar alipiga tena. "Kuna kiti wazi huku Texas mashariki. Acha ukaidi, mzee. Huku hata kipofu anasajili."

Orrin alilifikiria siku nne. Kisha akaomba, akapewa. Alipofungua orodha, vijana wa karibu walikuwa zaidi ya mia mbili. Aliipitia taratibu, mji baada ya mji.

"Lamar, Nacogdoches ni wapi?"

"Mlangoni kwako, kocha. Wote wako mlangoni kwako."

"Nianze na nani?"

"Yeyote. Akikukataa, chukua anayefuata."

Orrin aliiweka simu mezani, akafungua ramani ya Montana kuona kama mwaka huu amepatikana yeyote. Lamar aliita "kocha" mara mbili, tatu, kisha akakata simu.