Asubuhi Walipofika kwa Orpa

Tangu Bienfait afariki, mama yake, Goretti, na mjane wake, Divine, waliianza kila siku kwa Neno. Kabla ya kwenda kupalilia mahindi yao hapo kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Goretti alisoma mistari michache ya Biblia, kisha Divine akasoma kitabu cha ufafanuzi, kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi hata asiyesomea uchungaji aliweza kuelewa.

Walipofika kitabu cha Ruthu, Goretti alifurahi sana. Alijiona yeye ndiye Naomi, na Divine ndiye Ruthu wake, mkwe aliyekataa kumwacha.

Asubuhi moja Divine akasoma polepole: "Tusimhukumu Orpa, mkwe mwingine wa Naomi. Naye alimpenda Naomi. Alilia, akambusu, akarudi kwao, na Maandiko hayamlaumu." Akaacha kusoma. Akajifunika uso kwa kitenge.

"Divine, kuna nini?"

"Mama, Natanaeli, ule fundi cherehani wa Mbarara, anataka kunioa. Siku mingi niko naogopa kukuambia."

Goretti alihisi kama wanamzika Bienfait mara ya pili. Na mimi unaniacha na nani? Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

"Anakupenda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wende, mwanangu. Ungali kijana."

Wakakumbatiana, wakalia hadi jua likawa kali. Shambani hawakwenda.

Jumamosi Goretti alimsindikiza mwenyewe hadi kwa kina Natanaeli, Ruharo, mjini Mbarara. Mama yake Natanaeli aliwatokea mlangoni, akampokea Divine begi, akamuuliza kama ana njaa.

"Hapana, mama," Divine akajibu.

Goretti alilisikia neno lile likienda kwa mwanamke mwingine, akainamisha macho. Chai hakunywa. Alisema gari litamwacha.

Kesho yake alisoma peke yake. Naomi amefika kwao, anawaambia wanawake wasimwite tena kwa jina lake, maana maisha yake yamekuwa machungu. Akafungua ufafanuzi: "Mungu hakumkemea. Kulia mbele zake nako ni kuomba."

Goretti akapiga magoti. Akamtaja Bienfait, akamtaja Divine, kisha kilio kikamshika.

Jirani yake Émérance, Mrundi aliyekuwa nje akichambua maharage, alikisikia, akaingia bila kupiga hodi, akaketi sakafuni karibu naye. Akaanza kulia pamoja naye.