Dawa Aliyekaa Baada ya Mavuno

Usiku wa jana niliota nimebeba beseni la maharage, mbegu zetu za mwisho, nakwenda kuyapanda pale tulipovuna mahindi.

Katikati ya shamba ameketi bwana mmoja kwenye kiti cha plastiki. Namjua kwa harufu. Ni Dawa ya Magugu, yule tuliyempuliza kwenye mahindi msimu uliopita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mahindi yangu yako wapi?"

"Yalishavunwa."

"Mbona sikuagwa?"

Harage moja linaruka kutoka kwenye beseni, linamsalimia. Dawa analitazama juu hadi chini.

"Wewe ni mahindi?"

"Hapana, mimi ni harage."

"Basi wewe ni gugu."

Linanyauka palepale, kwa adabu.

Nageuka nikachukue jembe, nimchanganye Dawa na udongo apungue ukali. Shamba limeshakuwa ofisi ya kijiji. Udongo umelazwa mezani, umefunikwa shuka, na wajumbe wanatembea kwa ncha za vidole.

Mwenyekiti Mwasile ananong'ona, "Semina ilisema tupande bila kulima. Udongo usisumbuliwe. Ndiyo kwanza umepata usingizi."

"Kuna mtu juu yake ananiulia maharage."

"Huyo hamsumbui mtu. Amekaa tu."

"Ndiyo shida yake, mwenyekiti. Kukaa."

Wajumbe wanajadiliana, wanaamua nisubiri mvua imwondoe. Mvua imetuma udhuru.

Maharage mengine yananiuliza, "Dada, tupange foleni?"

Hapo anaingia mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kualikwa semina yoyote, jembe begani. Yeye hanong'oni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anamaliza msimu." Anamkabidhi Dawa mpini.

"Mama, nikilima nitajizika mwenyewe."

"Lima, baba. Wenzako wanalima wala hawalii."

Dawa analima. Kila akigeuza bonge la udongo anapungua, mpaka inabaki harufu, nayo inakohoa kidogo na kuisha. Udongo unafumbua jicho.

"Nilikuwa macho muda wote," unasema. "Hamkuniuliza. Asanteni, ila msizoee."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nikabeba beseni hadi shambani.

Tangu tuvune hakuna aliyegusa pale, lakini mstari mmoja ulikuwa umelimwa, mbichi. Nyayo za mlimaji zilianza kubwa kama za mwanamume, zikawa za mtoto, zikawa za kuku, kisha hakuna.

Nikapiga magoti zilipoishia, nikafukia harage la kwanza.