Nyuki wa Mzee Wendelin

Mimi Herieth mdomo wangu haunyamazi, waulize majirani zangu wote pale Mapera. Siku ile ndiyo ulinyamaza.

Nilimsindikiza baba mkwe, Mzee Wendelin, kupiga picha ya moyo hospitali kubwa, maana mume wangu alibanwa na kuchuma kahawa. Nesi akamwamkia, akaeleza kwamba watamchoma dawa kwenye mshipa ili moyo uonekane vizuri. Kisha akauliza, "Mzee, umewahi kuchomwa dawa ya picha ikakudhuru? Kuvimba, kuwashwa, pumzi kubana?"

"Hata siku moja," akasema baba.

Jamani! Mwaka jana tu alipigwa picha ya figo kwa dawa ya namna hiyo, akarudi nyumbani midomo imevimba, macho hayaonekani. Watu wote akawaambia ni nyuki wa shambani, na wakamcheka. Mimi niliyempelekea maji ya kunawa ndimi peke yangu aliyeninong'oneza ukweli, akanionya: "Wakijua, watakataa kunipima tena. Umesikia, mwanangu?"

Nikamtazama. Akanikazia jicho. Kwetu mkwe hambishii baba mkwe mbele za watu, sembuse mbele ya nesi aliye rika la wajukuu wake. Nikainamia kanga yangu. Nilijiambia nitamvuta nesi pembeni, nimweleze taratibu. Kuinua macho, ameshamwingiza ndani na mlango umefungwa.

Nikagonga. Nani anisikie! Nikasikia baba anakohoa, kisha viatu vinakimbia, mtu anaita, "Adrenalini! Haraka!" Nikapiga kelele pale mlangoni: "Hawakuwa nyuki! Ilikuwa dawa! Ilikuwa dawa!" Mlinzi akanishika mkono, akaniambia, "Mama, tulia, wanafanya kazi." Nitulie vipi? Nilikuwa na jambo moja tu la kumsaidia, na wakati wake ulikuwa umepita.

Daktari alitoka shati limelowa jasho. "Tulimuuliza," akasema. "Alituambia hajawahi." Sikuweza kumtazama usoni.

Tumemzika Jumamosi. Mume wangu alilia begani kwangu, akinishukuru kwa kumuuguza baba yake. Kisha shangazi yake, Kunigunda, akasimama mbele ya waombolezaji wote, akaninyanyua mkono.

"Mnamwona huyu? Pamoja na mdomo wake wote, hakuwahi kumbishia mzee wetu hata neno moja."

Wanawake wakaitikia, "Kweli kabisa." Nami nikanyamaza tena.