Mashuka ya Wageni

Ukitaka kumjua Matroni, usimtazame usoni, tazama kitanda chake. Alisimamia bweni la wasichana mpaka akastaafu, na mtaa mzima ulimwita kwa cheo hicho, mume wake akiwemo. Kitanda alichotandika hakikuwa na mkunjo hata mmoja, mpaka mtu akaona haya kukilalia. Kunguni, kwake, lilikuwa neno la kutamkwa kwa sauti ya chini, kama tusi.

Basi mama huyo alipata mkwe, mke wa mwanawe, fundi simu mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito, akampenda tangu siku ya kwanza. Na huko kumpenda ndiko kulikoleta balaa. Chumbani kwa Matroni palikuwa na sanduku kubwa la bati lenye mashuka, mablanketi na mito ya sufi. Vyote vilikuwa vya wageni. Vilifuliwa siku vilipoingia humo, vikawekewa dawa ya nondo, kufuli likafungwa. "Akiba haiozi," alipenda kusema. Yeye na mumewe walilalia mashuka yaliyochakaa, yaliyofuliwa kwa maji ya moto kila Jumamosi mpaka ukiyainua unaliona dirisha upande wa pili.

Mkwe alipokuja na mumewe kusalimia, sanduku lilifunguliwa. Alilala kwa heshima zote, akaamka na macho mekundu, pua imeziba, kifua kinapiga mluzi. Alipiga chafya mfululizo hadi baba mkwe, mzee wa utani, akasema redio ya nyumba imeanza matangazo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alikuwa mzima kama kawaida, mgeni ndiye aliyeugua.

Matroni aliposikia zile chafya alielewa jambo moja tu, kwamba mtoto wa watu anaona baridi. Akarudi sandukuni, akamletea blanketi la pili. Chafya zikazidi. Akaleta la tatu.

Mkwe aliujua ugonjwa wake. Daktari alishamweleza kuhusu wadudu wa vumbi, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaopenda magodoro, mito na matandiko yaliyokaa muda mrefu bila kufuliwa. Hawaumi. Ila uchafu wao ukiingia puani mwa mtu kama yeye, pua na kifua vinachachamaa. Nyumbani kwake alifua matandiko kila wiki na godoro alilivika mfuko, akalala kama mtoto mchanga. Lakini amwambieje Matroni? Kumwambia mama yule kwamba matandiko yake yana wadudu ni kama kumwambia mpishi mbele ya wageni kwamba chakula chake kimechacha. Kwa hiyo alisingizia mafua, akameza vidonge kwa siri, na baada ya siku mbili wakaaga. Ikawa hivyo kila walipokuja, miaka ikapita; siku mbili mtu huvumilia.

Kisha akapata mimba. Mumewe alikuwa dereva wa malori na alikuwa na safari ndefu, wakakubaliana mke akakae kwa wakwe mpaka mume atakaporudi. Daktari alimkataza kujinunulia vidonge vyovyote, tena akamwonya asiache kifua kibane, maana pumzi ile sasa ilitegemewa na watu wawili. Safari hii, mkwe alijiambia njiani, nitasema.

Alipofika alikuta kitanda kimetandikwa shuka jeupe ambalo hakuwahi kuliona. Wasichana wa bwenini walimshonea Matroni siku ya kumuaga, kila mmoja akatia ua lake kwa uzi mwekundu. Hakuna aliyewahi kulilalia.

"Nilikuwa nalitunzia siku kubwa," Matroni alisema. "Sasa imefika."

Mkwe akayameza maneno aliyokuja nayo. Alishukuru, akalala juu ya maua yale, na kabla ya asubuhi kifua kilikuwa kimeshabana. Siku zilivyosonga akawa anahema hata kwa kutoka chumbani kwenda uani. Maji yalipomfika shingoni alianza kutunga uongo wa kuondokea, kwamba dukani anakotengenezea simu wanamhitaji. Alijua uongo ule ungemuumiza yule mama kuliko ukweli wenyewe, ila uongo ulikuwa mwepesi kutamka.

Alasiri moja wakwe walikwenda kumjulia hali jirani. Mkwe akaingia chumbani kwao kuweka nguo zilizokauka, mgongo ukamuuma, akaketi pembeni ya kitanda. Kitanda cha wakwe! Akiwa na akili zake timamu asingekigusa hata kwa kidole. Lakini aliketi, kisha akaegemea, na usingizi ukamchukua.

Alipofumbua macho, Matroni alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani. Mkwe akakurupuka, akaanza kuomba radhi. Matroni akainua kiganja kumnyamazisha.

"Nimekaa hapa nakusikiliza unavyopumua," alisema. "Kazi yangu ilikuwa hiyo, kupita katikati ya vitanda vya watoto wa watu nikisikiliza. Hujapiga mluzi hata kidogo. Kitanda changu kina nini ambacho chako hakina?"

Liwalo na liwe. Mkwe alisema yote akiangalia sakafu, ya daktari, ya wadudu, ya vidonge vya siri na mafua ya uongo.

"Kwa hiyo mashuka yangu ni machafu."

"Si machafu, mama. Haya yenu yanalaliwa na yanafuliwa. Yale yametunzwa mno."

Uso wa Matroni ulikaza. Watu wengi wa umri wake, na wa umri wangu pia, wangeinuka hapo wakanuna mwezi mzima. Yeye aliuliza swali lisilotarajiwa.

"Na yale macho mekundu ya asubuhi?"

"Ni ugonjwa huo huo, mama."

Matroni akashika kichwa. Kumbe miaka yote hiyo aliamini mkwe wake analia usiku kwa kuteswa na mumewe. Kila walipoondoka alimpigia simu mwanawe akamgombeza, na kijana alivyozidi kuapa ndivyo mama alivyozidi kumgombeza. Mkwe alicheka hadi akatoa machozi ya kweli. Alikuwa akiogopa kumvunjia heshima mtu ambaye, kwa siri yake, alikuwa akimpigania.

Kazi ilianza siku ile ile. Baba mkwe aliwasha moto chini ya pipa la maji, kisha akalitoa godoro juani na kulipiga fimbo kama lina kesi naye, kabla ya kulivika mfuko wa nailoni. Mkwe aliamriwa akae mbali, upande usiofikiwa na vumbi. Mito ya sufi, ambayo Matroni aliijaza kwa mkono wake mwenyewe, ilikwenda jalalani. Mashuka yalichemshwa yote, na mwisho likabaki lile la maua.

"Hilo liache, mama," mkwe alimsihi. "Uzi utachuja."

"Najua. Walioshona waliniambia."

Alilikunjua, akapitisha kidole kwenye ua moja moja, akitaja majina ya wasichana wake kwa sauti ya chini. Kisha akalitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakitokota na kulididimiza kwa mti. Lilitoka na mabaka mekundu kila mahali. Mkwe alimtazama yule mama akilikamua, na moyoni akamheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mtu yeyote.

Jioni Matroni alimtandikia shuka la kitanda chake mwenyewe, lile jepesi lenye kiraka katikati. Alionekana kuona haya kidogo. Mkwe hakuona kiraka. Tangu aolewe alikuwa mgeni katika nyumba ile, na leo amepewa shuka la nyumbani. Asubuhi baba mkwe aliuliza kama redio imeisha betri.

Mume aliporudi safari alimkuta mkewe tumbo limejaa, kifua kimetulia. Jioni mama akamtandikia godoro sebuleni, akalifunika kwa lile shuka lenye mabaka. Kijana akauliza kwa nini asipewe moja la yale ya zamani aliyokulia.

"Hayo ni ya wenyeji," Matroni alisema, akichomeka kona ya mwisho. "Wewe unakuja na kuondoka. Mgeni ni wewe."

Kisha akamwambia alale, asipige kelele, chumbani kuna watu wawili wamepumzika.