Muthokoi Nyuma ya Nyumba

Daktari alimtazama mama yangu, akatazama mizani, kisha akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyepungua. "Mapafu yanapona," alisema, "lakini hizi dawa zinataka chakula. Akirudi wiki ijayo kilo zikiwa zimeshuka tena, tutamlaza." Mama alishuka kwenye mizani, akavaa viatu vyake polepole. Tulipofika nje alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwelu, usikubali nilazwe tena. Baba yako aliingia hapo akitembea."

Nikamwambia hatalazwa. Nilisema kwa ukali, maana mimi nikiogopa hukasirika, na Julai hiyo niliogopa sana. Ukungu ulishuka kutoka vilima vya Iveti alfajiri ukakaa mpaka jua la saa nne, nguo hazikauki, na watu mjini Machakos wanatembea wamejikunyata. Nimonia ilikuwa imempata mama akiwa peke yake kwake Masii. Mimi ni mtoto wake wa pekee, nikamleta kwangu, karibu na hospitali. Kabla ya hapo hakuwahi kulala kwangu hata siku moja. Alikuwa akija asubuhi na kurudi jioni, na ukimwekea chakula anasema amekula huko nyumbani, ameshiba. Nilimwamini miaka yote hiyo.

Kutoka hospitali nilipitia sokoni. Nilinunua mbaazi mbichi, maana ndio ulikuwa msimu wake, malenge, nduma, majani ya kunde, na muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kinuni yakatoka maganda. Sikununua kitu cha kopo wala cha pakiti. Asubuhi nilipika uji wa wimbi kwa maziwa. Mchana nikachemsha supu ya mifupa. Jioni ikawa muthokoi na mbaazi, umekaa motoni tangu saa nane mpaka ukalainika, na malenge yakayeyukia ndani yakafanya mchuzi mzito. Harufu yake ilijaa nyumba nzima. Nikasema moyoni, kwa huu, hata mgonjwa wa kufa atainuka.

Sasa nimtaje mume wangu. Wathome ni seremala na ni mtu mwema, na ninasema hivyo nikijua kwamba wema wake ndio uliotaka kutumalizia mama. Kila jioni alifunga karakana mapema ili tule pamoja. Alimnawisha mama mikono kwa birika, yeye mwenyewe, akavuta kiti chake karibu na cha mama.

"Mwaitu, kula," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba kama ninavyomwita mimi. "Kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu."

Mama alitazama meza. Alizungusha kijiko, akakigusisha midomoni, akakirudisha. "Nimeshiba."

Nikapigana na ile sufuria. Nilipunguza chumvi, nikaongeza dhania. Nilipondaponda muthokoi kama chakula cha mtoto, siku nyingine nikaacha punje nzima. Nilibadilisha mbaazi nikaweka maharagwe, nikarudia mbaazi. Wathome naye akazidisha upole, akaanza kumpulizia uji upoe. Mama alizidi kukonda, na mimi nilifika mahali nikakichukia kile kijiko. Usiniulize kama nilimchukia na yeye kidogo, kwa sababu nilimchukia.

Jioni moja sufuria ilibaki karibu nzima. Nikajaza bakuli nikampelekea jirani yetu Zamzam, mjane anayeuza mahamri, maana kumwaga muthokoi ni dhambi. Kesho yake mchana jua lilitoka kidogo, na mama akaenda kuliota kwenye ua wa Zamzam. Nilipomfuata kumpa dawa, nilimkuta amekaa kwenye mkeka, bakuli langu mapajani, anakomba mwisho mwisho.

"Karibu, Mwelu," Zamzam alisema akicheka. "Mamako hajanibakishia hata ya kuonja. Nilipasha moto nile, nikamwambia karibu, basi."

Mimi sikucheka. "Mwaitu, kwangu unakataa, huku unakula? Na ni chakula kile kile? Unataka watu waseme nakunyima?"

Mama aliweka bakuli chini. "Kwani hapa kuna mkwe wangu?"

Hapo nikaelewa. Nthoni. Ile heshima yenye aibu ndani yake, ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume. Nilikuwa nikiiona kwa macho yangu kila tulipoenda Masii: mama anapika, mimi nampakulia Wathome, na mama mwenyewe habanduki jikoni mpaka tuondoke. Wakikutana njiani, mama anapisha kando na kuinamisha uso. Lakini mimi na nyumba yangu ya mjini, yenye meza ya kulia na televisheni, nilidhani hayo yalibaki huko.

"Nifungue mdomo nitafune, ananiangalia?" Mama alijifunika uso kwa leso. "Na ananinawisha mikono, Mwelu. Ananipulizia uji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Niko kwa nyumba yake. Nimwambie mwenye nyumba atoke nikule?"

Jina la Wathome hakulitaja. Hajawahi kulitaja.

Wathome alipokuja nilimweleza nje, kando ya lango. Niliona imemuuma. "Kumbe mimi ndio nimekuwa nikimnyima," alisema. "Na nilikuwa nikiona namsaidia. Basi nitakuwa nakula hotelini mpaka apone."

"Ukienda hotelini atajua amekufukuza, na hapo ndio hatakula kabisa. Mume wangu hali hotelini na mama yangu halazwi. Chukua nyundo."

Hatukulala na hilo wazo. Kulipopambazuka tu, ukungu bado uko chini, tulikuwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wetu na ukuta wa Zamzam. Wathome alisimamisha nguzo za kibanda, akapigilia mabati juu na pande za upepo. Tuligombana kuhusu uwazi wa kuingilia, yeye akitaka uelekee mlango wetu ili mama asitembee mbali, mimi nikitaka uelekee kwa Zamzam. Nilishinda. Jiko la makaa nikaliweka nje kabisa, moshi usimguse kifua. Ndani niliweka kigoda, mkeka na blanketi, na nikamwambia mama kwamba mwenye nyumba hatakanyaga huku chakula kikiwa kimepakuliwa.

Jioni hiyo tulikula wawili, migongo yetu kwenye nyumba. Mama alichota, akatafuna, akafikiri.

"Umeweka malenge mengi," alisema. "Imekuwa tamu kama ya watoto."

Hakuwahi kukosoa chakula changu, kwa sababu hakuwahi kukila. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikasingizia vitunguu. Ndani ya nyumba Wathome alikuwa peke yake mezani na sahani yake, na nilimwonea huruma sana. Lakini sikuinuka.

Siku ya kliniki mama alipanda kwenye mizani amefumba macho. Daktari alisoma, akasoma tena. "Zimeongezeka. Endelea na huyo mpishi wako, mama. Nenda nyumbani." Mama alimsalimia kila mlinzi tuliyempita kwenye lango.

Jioni manyunyu yalianza. Tulikuwa chini ya mabati, mabakuli yanafuka mvuke, niliposikia Wathome anatoka kazini. Hakuweza kungoja nimpelekee habari. Alisimama kwenye kona ya nyumba, mahali asipoweza kutuona, akakohoa.

"Mwaitu," aliita. "Umekula?"

Mama alisimamisha kijiko. Nililijua jibu, nimelisikia tangu niolewe, na nikajiandaa kukasirika. Alimeza kwanza, akajipangusa mdomo kwa pembe ya leso.

"Bado," alimjibu kwa sauti. "Bado nakula."

Tulisikia viatu vyake vikirudi polepole kwenye kokoto. Mama akanisogezea bakuli.

"Niongeze," alisema.